JE, WAJUA? Kajiado, Nchi Iliyoongozwa Bila Taji

Mtoto wa shule nchini Kenya husomeshwa habari za Kabaka wa Buganda, Nabongo wa Wanga na Sultani wa Zanzibar. Akiwa mkaazi wa Kitengela, Isinya au Namanga, swali humjia lenyewe: na sisi, mfalme wetu alikuwa nani? Jibu ni kwamba hakuwepo. Leo tunapita mbio kutoka Vilima vya Ngong hadi Mlima Kenya, tukigusa Uganda na hata Poland, kuona jinsi watu walivyojiongoza bila mfalme na hasara waliyoipata siku mgeni alipowatafutia mmoja.

NANI ALIKUWA NA SAUTI?

Je, wajua kwamba Wamaasai wa Kajiado hawakuwa dola moja? Walikuwa, na wangali, sehemu kadhaa zenye mipaka na malisho yake: Ilkaputiei katika nyanda za Kitengela na Isinya, Ilkeekonyokie upande wa Ngong, Iloodokilani kuelekea Magadi, Ilmatapato na Ildalalekutuk katikati, na Ilkisonko chini ya Kilimanjaro, huko Loitokitok. Lugha ni moja na mila ni zile zile, lakini kila sehemu ilijiamulia mambo yake.

Je, wajua kilichochukua nafasi ya kiti cha enzi? Ni rika. Vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja huwa kundi moja maisha yao yote: pamoja huwa morani, pamoja huwa wazee wadogo, pamoja huwa wazee wa baraza. Rika moja likipanda, la juu yake hupisha. Hakuna anayeng'ang'ania madaraka mpaka kufa, kwa sababu kalenda ya rika haimsubiri mtu.

Je, wajua kuwa kila rika lina msemaji wake, olaiguenani? Huchaguliwa na wazee angali kijana, baada ya kuchunguzwa tabia yake na ya nyumba yao. Alama ya kazi yake si taji. Ni rungu jeusi, fupi, lililong'aa kwa kushikwa na mafuta. Akisimama nalo barazani wenzake hunyamaza, kisha yeye huwasikiliza wao kabla ya kutamka neno la mwisho. Asiyejua kusikiliza hapewi rungu hilo.

Je, wajua kwamba kuna cheo ambacho kijana hakitamani? Wakati wa Eunoto, sherehe ya kuhitimisha ukali wa umorani, huteuliwa olotuno, anayebeba mabegani mwake mema na mabaya ya rika zima. Heshima yake ni kubwa, na mzigo wake pia. Ndiyo maana wazee huficha jina lake mpaka dakika ya kumshika.

Je, wajua kwamba dunia imezitambua sherehe hizi? Mwaka 2018 UNESCO iliziweka Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, yaani hatua tatu za mwanamume wa Kimaasai, katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Ardhi iliyokatwakatwa kwa nyua, na vijana wanaokimbizana na masomo na kazi za mjini, vimeacha nafasi ndogo ya kujenga manyatta kubwa ya sherehe.

NA POLAND JE?

Je, wajua kwamba wapo Wazungu waliochagua wafalme wao kwa kura? Kuanzia mwaka 1573, makabaila wa Poland na Lithuania walikusanyika kwa maelfu karibu na Warsaw kumchagua mfalme. Wa kwanza alikuwa Mfaransa, Henry wa Valois. Alitawazwa Krakow Februari 1574. Juni mwaka huo huo, aliposikia kuwa kaka yake amekufa na kiti cha Ufaransa ki wazi, alitoroka usiku. Wapoland wakabaki na kasri bila mwenyewe.

Je, wajua kuwa Poland iliwahi kuwa na mfalme mwanamke? Oktoba 1384, Jadwiga, binti wa miaka kama kumi hivi, alitawazwa Krakow akiwa mfalme kamili, si mke wa mfalme. Wakuu wa nchi walitaka ieleweke kuwa mamlaka ni yake mwenyewe.

Je, wajua kwamba Kajiado ilimngoja mwanamke wake mpaka 2013? Mwaka huo Peris Tobiko alichaguliwa mbunge wa Kajiado Mashariki, eneo lenye mji wa Kitengela, akawa mwanamke wa kwanza wa Kimaasai kuingia Bunge la Kenya kwa kura za jimbo. Alishinda ingawa wapo wazee waliompinga hadharani kwa sababu ya uanamke wake. Mwaka 2017 wapiga kura wakamrudisha.

NYUMBA YA MALAIBONI

Je, wajua kwamba ukoo mashuhuri kuliko wote Umaasaini huanzia Vilima vya Ngong? Wazee husimulia kuwa morani walimkuta mtoto mdogo peke yake vilimani, wakamchukua na kumlea. Kila alipokaa majani yalichipuka, hata wakati wa kiangazi. Watu wakajua ana kipawa. Kwake hushuka Inkidong'i, ukoo wa malaiboni, wataalamu wa kuagua, kubariki na kuonya. Vilima vyenyewe, vyenye kilele cha mita 2,460, ndivyo vinavyoonekana ukiwa Kitengela, jua likielekea kuzama.

Je, wajua laiboni huaguaje? Ana kibuyu, au pembe ya ng'ombe, kilichojaa vijiwe vya rangi na maumbo mbalimbali. Mwenye shida huketi mbele yake na kueleza yaliyomsibu. Laiboni hutikisa kibuyu, humwaga vijiwe juu ya ngozi, huvipanga kwa mafungu na kuvihesabu. Kisha humwaga tena, na tena. Jibu hutoka katika hesabu ya mafungu hayo, na mtaalamu mzoefu huisoma kama karani asomavyo daftari lake.

Je, wajua kwamba pamoja na heshima hiyo yote, laiboni hakuwa mtawala? Hakutoza kodi, hakuwa na askari, hakuhukumu kesi za mifugo wala za mahari. Morani walimwendea kuomba baraka kabla ya vita, na wazee walimwendea kuuliza sababu ya ukame. Uamuzi wa kwenda au kubaki ulikuwa wa rika na baraza. Tofauti hii ndiyo waliyoikosa waandishi wa kwanza wa Kizungu, na iligharimu nchi nzima.

Je, wajua laiboni aliyevuma kuliko wote? Ni Mbatiany, mwana wa Supeet. Enzi zake zilikuwa nusu ya pili ya karne ya 19, na ushauri wake ulisaidia kuunganisha sehemu za kusini katika vita dhidi ya Ilaikipiak, vilivyolivunja kundi hilo. Kabla ya kufa, mnamo 1890, inasimuliwa alionya kwamba ng'ombe wangekufa, watu wangefuata, na wageni weupe wangeingia. Muda mfupi baadaye sotoka ilifyeka mifugo, ndui ikafyeka watu, na bendera ya Uingereza ikapandishwa.

Je, wajua jinsi urithi wake ulivyogombewa? Masimulizi yaliyoandikwa tangu 1905 yanaeleza kuwa Mbatiany, mgonjwa na haoni vizuri, alimwambia mwanawe mkubwa Sendeyo aje alfajiri apokee vifaa vya kazi. Mdogo, Lenana, au Olonana kwa matamshi ya nyumbani, alisikia. Akatangulia gizani, akajibu kwa jina la kaka yake, akapokea. Sendeyo alipofika alikuta mkono wa baba hauna kitu. Anayeijua habari ya Yakobo na Esau atashangaa, lakini Wamaasai huisimulia kama historia ya nyumba moja wanayoijua kwa majina.

Je, wajua kwamba ugomvi huo ulizaa vita? Wafuasi wa Sendeyo, walioegemea Loita na eneo lililokuwa chini ya Wajerumani, walipigana na wafuasi wa Lenana kwa miaka, wakati ambapo njaa na maradhi yalikuwa yamewadhoofisha wote. Lenana akatafuta usalama kwa Waingereza. Waingereza nao walikuwa wakitafuta mtu.

MAJINA YALIYOPANDA MLIMANI

Je, wajua kwamba ukoo huu wa Kajiado uko juu ya Mlima Kenya? Septemba 1899 Mwingereza Halford Mackinder alikifikia kilele cha juu kabisa, mita 5,199, akakiita Batian kwa heshima ya Mbatiany. Cha pili, mita 5,188, ni Nelion, kwa jina la nduguye Mbatiany. Cha tatu, mita 4,985, ni Lenana. Hata Sendeyo ana kilele chake. Baba, baba mdogo na wana wawili waliogombana wamesimama pamoja juu ya mlima mmoja.

Je, wajua bendera ya Kenya ilipandishwa wapi usiku wa Uhuru, Desemba 1963? Uwanjani Nairobi, bila shaka. Lakini pia juu ya kilele cha Lenana, na mpanda milima Kisoi Munyao.

Je, wajua kuwa Shule ya Lenana jijini Nairobi haikuanza na jina hilo? Ilifunguliwa mwaka 1949 kwa watoto wa Kizungu, ikaitwa Duke of York, kwa jina la mwana wa mfalme wa Uingereza. Mwaka 1969 jina la mwana wa mfalme likaondoka, likaingia la mwana wa Mbatiany.

KALAMU NA RAMANI

Je, wajua kwamba Malkia Victoria hakumzawadia mjukuu wake Mlima Kilimanjaro? Hadithi hiyo hupendwa sana Loitokitok, ambako mlima huonekana mzima asubuhi ingawa uko Tanzania. Lakini mstari wa mpaka uliwekwa katika makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Mjukuu huyo, Wilhelm wa Pili, alikuwa hajawa mfalme, alishika kiti 1888. Mpaka ulipinda kwa sababu madola mawili yalikuwa yakigawana pwani na njia za biashara. Wamaasai, ambao nchi yao ilikatwa vipande viwili, hawakuulizwa.

Je, wajua kuwa Wapoland wanayajua machungu hayo? Urusi, Prussia na Austria ziliigawana nchi yao mara tatu: 1772, 1793 (safari hiyo bila Austria) na 1795. Mara ya tatu Poland ilifutika kwenye ramani, na mfalme wake wa mwisho aliyechaguliwa, Stanisław August, akajiuzulu. Ilirejea 1918.

Je, wajua kwamba Wapoland waliwahi kuishi jirani na Kajiado? Vuka mpaka Namanga, pita Arusha, shika njia ya Moshi, utafika Tengeru. Kuanzia 1942, maelfu ya wakimbizi wa Kipoland, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na kupelekwa Siberia, walipewa kambi hapo. Makaburi yao yangali yanatunzwa. Nao pia walifukuzwa makwao kwa sababu ya mstari uliochorwa na wengine.

WALIPOTAFUTIWA MFALME

Je, wajua kwamba cheo cha chifu, kama tunavyokijua katika vijiji vingi vya Kenya, kililetwa na sheria ya kikoloni ya mwaka 1902? Serikali ilitaka mtu mmoja wa kumtuma, kumlipa na kumlaumu. Juu ya machifu wadogo ikaweka machifu wakuu: Kinyanjui wa Gathirimu kwa Wakikuyu, Nabongo Mumia, ambaye kweli alikuwa mfalme wa Wanga, mwaka 1909, na Lenana kwa Wamaasai. Aliyekuwa mtabiri akafanywa mtawala wa watu ambao hawakuwahi kuwa na mtawala.

Je, wajua kilichofuata? Agosti 1904 uliandikwa mkataba kati ya Kamishna Donald Stewart na viongozi wa Wamaasai, jina la Lenana likitangulia. Walioweka alama hawakusoma kilichoandikwa, walifasiriwa. Wamaasai walitoka Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, ili walowezi wapate mashamba kando ya reli. Wakapewa hifadhi mbili: Laikipia kaskazini na nyingine kusini, ambayo ndiyo msingi wa Kajiado ya leo. Serikali iliahidi kuwa mipango hiyo ingedumu kadiri Wamaasai watakavyoendelea kuwapo duniani.

Je, wajua ahadi hiyo ilidumu muda gani? Haikufikisha miaka saba. Lenana alifariki Machi 1911. Aprili, mwezi mmoja tu baadaye, mkataba wa pili uliwataka Wamaasai wa Laikipia wahamie kusini. Alama ya chifu mkuu iliwekwa na mwanawe Segi, kijana aliyekuwa chini ya walezi. Watu kwa maelfu, na mifugo isiyo na idadi, wakaswagwa kupitia nyanda za juu za Mau. Baridi na mvua viliua wengi njiani.

Je, wajua kwamba jambo kama hilo lilikuwa limeshatokea Uganda? Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, uliogawa ardhi ya ufalme huo, ulitiwa sahihi na walezi wakiongozwa na Apolo Kagwa, kwa sababu Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu. Penye kiti cha mtu mmoja, anayemshika mtoto huyo mkono ndiye anayeandika historia.

Je, wajua kwamba Wamaasai walikwenda mahakamani, si vitani? Ole Gilisho, msemaji wa Wapurko, sehemu ya Wamaasai iliyokuwa Laikipia, na wenzake walikodi wakili na kuishtaki serikali. Kesi hiyo ya mwaka 1913, ijulikanayo kwa jina la Ole Njogo, ni kati ya kesi za kwanza kubwa za ardhi Afrika Mashariki. Hoja yao ilikuwa nyoofu: Segi na walezi wake hawakuwa na mamlaka ya kutoa nchi ya wengine.

Je, wajua mahakama ilijibu nini? Kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya mataifa mawili, Uingereza na Wamaasai, na mahakama ya kawaida haiwezi kuamua ugomvi wa mataifa. Kwa hukumu hiyo Wamaasai walitambuliwa kuwa taifa, na kwa hukumu hiyo hiyo wakanyimwa mahali pa kudai haki ya taifa. Rufaa ilitupwa Desemba 1913.

Je, wajua kwamba dai hilo halijazikwa? Agosti 2004, mkataba wa kwanza ulipotimiza miaka 100, Wamaasai waliandamana Nairobi na Laikipia wakidai ardhi yao.

KWA HARAKA

Je, wajua kwamba Kajiado ilikuwa na malkia baada ya Uhuru? Kuanzia 12 Desemba 1963 hadi 12 Desemba 1964, kabla ya kuwa jamhuri, Kenya ilikuwa chini ya Elizabeth wa Pili akiwa Malkia wa Kenya.

Je, wajua kwamba Elizabeth huyo alirithi kiti cha baba yake akiwa nchini Kenya? Ilikuwa 6 Februari 1952, akiwa katika ziara ya Nyeri.

Je, wajua Sultani wa mwisho wa Zanzibar alitawala muda gani? Jamshid bin Abdullah alishika kiti Julai 1963, akapinduliwa Januari 1964. Aliishi Uingereza miongo mingi, akafia Oman Desemba 2024.

Je, wajua kwamba Kabaka aliwahi kuwa rais? Mutesa wa Pili wa Buganda alikuwa Rais wa kwanza wa Uganda kuanzia 1963, akafia uhamishoni London 1969.

Je, wajua kuwa Kitengela ina watu wengi kuliko Kajiado mjini, makao makuu ya kaunti? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 154,436 Kitengela, kati ya 1,117,840 wa kaunti nzima.

SAHIHI NI YA NANI?

Je, wajua jinsi Kitengela ilivyotoka malishoni na kuwa mji? Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ardhi ya Wamaasai kusajiliwa kama ranchi za pamoja, chini ya wawakilishi wasiopungua watatu na wasiozidi kumi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata hati yake. Hapo milango ya mauzo ikafunguka. Plotini zikaja nyua, mawe na mabati, na nyumbu waliokuwa wakitoka Mbuga ya Nairobi kwenda kuzalia nyanda za Kaputiei wakakuta njia imezibwa.

Je, wajua kwamba palipogawanywa hivyo, wapo waliorudia mkasa wa 1911 ndani ya nyumba zao? Baba mmoja, dole gumba moja, na shamba la watoto likaondoka kwa bei ya pikipiki na sherehe ya wiki moja. Hili wakaazi wa Kajiado wanalijua kwa uchungu, na haifai kulisema kwa kunong'ona.

Je, wajua kwamba sheria ya leo imesimama upande wa baraza? Shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka ridhaa ya mume na mke wote wawili. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1968, inasema ardhi ya jamii haitolewi mpaka theluthi mbili ya wanachama wazima waliosajiliwa wakubali. Hicho ndicho Ole Gilisho alichokwenda kukitafuta mahakamani: kwamba nchi ya wengi isitolewe kwa alama ya mmoja. Basi kama jina lako limo kwenye daftari la jamii, hudhuria mkutano. Kama halimo na una haki, lidai. Na ukiletewa karatasi uweke sahihi, isome kwanza, au somewa na unayemwamini.